Alama za Mama Kwenye Kabati

Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalimpata mpwa wangu, na mkono ulioyaanzisha ni huu wangu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua zuri, napiga msasa kiti karakanani. Dada yangu akaleta kabati la marehemu mama. Alitaka nilipake rangi nyeupe, likae chumbani kwa bintiye wa miaka sita. Kwenye ukingo wa mlango wa kabati hilo ndipo mama alipokuwa akitupima kimo sisi wanawe, kiganja utosini, anakata alama kwa kisu.

"Kaka, alama za mama usiziguse."

"Umeniletea kabati au kaburi? Mimi kazi nusu sifanyi."

Ufundi huu sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kuharibu mbao zangu mwenyewe, na simdanganyi mteja. Basi nikaziziba alama zote kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa, nikapaka rangi mara tatu. Dada alipopapasa ukingo ule laini, alilia. Nikamfokea. Akaondoka na kabati lake bila kuniaga.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. "Njoo." Akakata.

Nikakuta alama mpya mlangoni, imepasua rangi yangu hadi kwenye mbao.

"Nani kachezea kisu hapa?"

"Bibi kanipima," mpwa wangu akanong'ona.

Bibi yake alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Nikamsimamisha. Alama ililingana na utosi wake. Nikacheka, nikamwambia dada afungie visu.

Kesho yake, alama ya pili. Chini ya ile ya kwanza.

Keshokutwa yake, ya tatu. Chini zaidi.

Tukamsimamisha tena. Ile ya chini kabisa ililingana na utosi wake.

Sketi ya shule ilikuwa inaburuta sakafuni.

Dada hakupiga kelele. "Mrudishie mama alama zake," alinong'ona.

Nikapiga magoti na patasi. Nikazichokonoa moja moja, rangi inaniruka machoni. Yangu. Ya dada. Zote. Gundi ya wiki mbili ilitoka bado mbichi. Ilikuwa na joto.

"Mama, nisamehe," nikasema, mimi nisiyemwomba mtu radhi.

Alama mpya zikakoma. Kimo cha mtoto hakikurudi.

Mwaka umepita. Wenzake darasani wanamwita Kisoda, kifuniko cha chupa. Dada hanifungulii mlango, na simlaumu. Ningekuwa yeye, ningemtupia mawe mtu kama mimi.

Jana mchana nilikutana na mpwa wangu njiani, peke yake.

"Shikamoo, mjomba." Akainamisha kichwa.

Utosini nywele zilikuwa zimelala bapa, umbo la kiganja, vidole vyote vitano. Nikazichambua kwa kidole zisimame. Zikasimama. Kisha zikarudi chini, polepole, kama zinakandamizwa.