Sauti ya Marehemu Hamood

Rekodi ile ilikuwa imerefuka. Ghanima hakuweza kukosea, maana aliijua kwa moyo.

Mumewe Hamood alikuwa muuza spea za magari hapo mtaani Buyenzi, na simu yake kuukuu ilirekodi kila mazungumzo, kwa kuwa wateja hawakawii kukana walichoagiza. Simu mpya ambayo Nasor, mwanawe, alimnunulia mama yake haikuweza kazi hiyo. Eda ilikwisha, lakini Ghanima bado alijifungia kila jioni na simu ya marehemu, asikilize maneno yale yale: "Ghanima, uniwekee maji ya kuoga, mi niko nakuya." Hapo ilikuwa ikikatika.

Jioni hiyo haikukatika. Ilisikika pumzi, kisha Hamood akauliza taratibu, "Mbona haunijibu?"

Maskini, mke angefanya nini? Akaitika, "Abee, bwana." Akaenda kuweka maji bafuni, akijua fika kwamba ni wazimu.

Alipomaliza kuswali magharibi alikuta ndoo tupu, sakafu imelowa, na harufu ya grisi aliyoizoea kwenye mashati ya mumewe, ila ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, ya nywele zinazoungua, na nyayo za maji zilitoka bafuni zikaenda mpaka kitandani, ambako simu ilikuwa imejiwasha yenyewe na inacheka kicheko ambacho Hamood hakuwahi kukicheka maishani mwake.

Nasor akamleta shehe Uthmani. Shehe alimuuliza Ghanima kwa sauti ya chini kama aliitika. Akakiri.

"Ile si Hamood, mama," shehe akanong'ona. "Ni jini, imevaa sauti yake. We ndo uliikaribisha, we ndo utaifukuza. Na rekodi zote uzifute, hata moja isibaki."

Ghanima akalia. Nguo za Hamood alikuwa nazo, picha pia, lakini sauti haikuwepo kwingine kokote duniani.

Shehe akaanza kusoma. Ghanima akafuta moja baada ya nyingine, na kila alipofuta sauti ilizidi kumbembeleza, ikimwambia kwamba nje kuna baridi, kwamba haina pa kwenda, kwamba yeye Ghanima hajawahi kumfungia mumewe mlango tangu walipooana, mpaka akafumba macho, akaweka kidole kwenye rekodi ya mwisho na kusema, "Toka nyumbani kwangu."

"Ghanima," ikalia, "nimekukosea nini?"

Akabonyeza. Nyumba ikatulia, na harufu ikaisha.

Asubuhi alikaa kitandani akajaribu kumkumbuka Hamood akisema chochote, salamu, mzaha, hata karipio. Hakusikia kitu ila kile kilio cha mwisho, na aliyelia hakuwa Hamood.