Jina Nyuma ya Kadi

Mimi maonyesho ya kadi siyapendi, wala sikufichi. Ukumbi mzima pale Toledo unanuka kwapa na jibini ya moto, halafu mijitu mizima na ndevu zao inagombania picha za wachezaji wa besiboli waliokwisha kuoza kaburini. Dola elfu tisa! Kwa kikaratasi! Ptu!

Lakini shemeji yangu, mume wa dada yangu Noreen, ndiyo ilikuwa kazi yake. Jumamosi hiyo nilikaa mezani kumsaidia kuuza. Akaja bibi mmoja, Hazel, na kadi ya zamani, safi kabisa, ila nyuma palikuwa na jina kwa penseli, mwandiko wa kitoto: Orville.

"Kaka yangu huyo," akasema. "Alizama ziwani bado mdogo, na maiti haikuonekana. Kadi nakuuzia, mwanangu, lakini jina usilifute. Ndilo tu alilobakiza."

"Ondoa shaka, mama," shemeji akajibu, akampa vijisenti.

Bibi hata mlango hajaufikia, shemeji keshatoa raba. Kadi iliyoandikwa haina bei. Ikiwa safi, bei inapaa.

"Huna haya wewe?" nikamnong'oneza.

"Shemeji, haya inalipa kodi ya nyumba?"

Akasugua, akapuliza vumbi, akacheka. Jioni haijaingia, kadi ilishauzwa kwa maelfu ya dola.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwao tukinywa chai. Nikaona kola yake imejaa vitu vya kijivu. Nongo. Zile zinazotoka mwilini ukijisugua, na yeye hata hajikuni. Zilimdondoka shingoni, zikaingia kwenye mayai. Nikakisogeza mbali kikombe changu.

"Kaoge, bwana!" Noreen akafoka.

"Nimeoga mara mbili."

"Haya, nipe chumvi..." Noreen akasita. "Nipe chumvi, wewe."

Shemeji akaacha kutafuna. "Niite jina langu."

Noreen akakunja uso.

"Shemeji, mwambie," akanigeukia.

Nikafungua mdomo. Nikalitafuta. Halikuwepo. Mtu niliyekula naye Krismasi zote hizo!

Akachomoa leseni yake ya udereva. Picha ipo. Penye jina pamesuguliwa, peupe. Akajaribu kulitamka mwenyewe. Mdomoni zikatoka nongo.

"Kaitafute ile kadi," nikamnong'oneza. "Rudisha jina la mtoto wa watu."

"Aliyeinunua simjui," akasema. "Hata jina sikumwuliza."

Noreen akainuka, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Kaka, wewe ni nani? Umeingiaje kwangu?"

"Noreen. Mke wangu."

Akamshika mkono. Noreen akaukwapua. Kiganja cha Noreen kilijaa nongo. Vidole vya shemeji vilikuwa vimefupika. Vikapungua tena. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kiti kilikuwa kitupu.

Leo Noreen ukimwuliza atakwambia hajawahi kuolewa. Mimi nakumbuka kwamba mtu alikuwepo. Kwa nini nilibakishiwa hayo, sijui. Jina lake sina.

"Dada, hiki kitanda changu kina laana gani?" huniuliza. Kila anapoamka, ule upande asiolalia una nongo mbichi, bado zina joto. Huzikusanya na kuzimwaga chooni, huku akitema mate kwa kinyaa.