Nani Amemwaga Samadi Kilimani?

Mongia, mjane wa kijiji chetu karibu na mji wa pwani wa Korba, huishi kwa zaatari, mmea wa kiungo wenye majani ya kunukia. Huichuma kilimani nyuma ya nyumba, huikausha, huiuza sokoni. Mwaka ule zaatari ilikuwa inakufa. Mahali pake magugu yalikuwa yamestawi hadi kiunoni.

Alichota udongo. Ulikuwa mweusi. "Mtu anamwaga samadi humu," alisema. Wenye kondoo ni wengi, lakini yeye alimwona mmoja tu: jirani yake Naziha.

Siku ya Ashura, Naziha alimletea sahani ya kuskusi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hurudi na kitu, hata kama ni mayai mawili. Mongia aliirudisha tupu.

"Kulikoni, dada?"

"Muulize punda wako anabeba nini kwenda kilimani kwangu."

"Samadi? Mbona hainitoshi hata kwa pilipili zangu!"

"Mwenye hatia ana maneno mengi."

Naziha alilia kwa uchungu, na alikuwa na haki. Kisha akamwita Jalila, bibi shamba.

Jalila alimpeleka Mongia kilimani, akachimba chini ya migunga yenye maua ya njano, miti ya kigeni iliyopandwa na marehemu mume wa Mongia kuzuia mchanga.

"Mama, ona vinundu hivi mizizini. Vijidudu vilivyomo hutengeneza mbolea kutoka hewani. Majani yakianguka, huongeza."

"Mti umwage samadi? Naziha amekulisha nini?"

"Basi tazama mwenyewe. Mbona magugu yamefuata miti?"

Mongia alitazama. Upande usio na migunga, zaatari ilikuwa nzima.

"Lakini mbolea si nzuri?"

"Kwa ngano, ndiyo. Zaatari imezoea udongo maskini. Ukiunenepesha, magugu yanashiba na kuinyima jua."

Mongia aliona aibu. Alikwenda kwa Naziha. "Nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Nitakusamehe kilimani. Leta jembe."

Kukata migunga hakukutosha. Visiki vilichipua, na mbegu hukaa ardhini miaka mingi. Walikata machipukizi, wakazoa majani makavu, wakang'oa miche kila baada ya mvua. Walipanda nyasi za pwani zishike mchanga, na zaatari mpya.

Mwaka wa tatu, zaatari ilianza kunukia tena. Naziha aliona mche wa mgunga, mrefu kama kidole.

"Mzuri huu. Tuuache?" alitania.

"Ung'oe! Nilimshuku jirani, nikauamini mti. Sirudii."