Mashine Iliyosema Tayari

Nyumbani kwao walimwita Tayari, na jina hilo hakupewa bure. Mama akiuliza kutoka jikoni kama kitanda kimetandikwa, binti huyo wa miaka kumi na miwili alijibu, "Tayari, mama!" huku mguu mmoja ungali ndani ya shuka. Vyombo je? Tayari, na vyombo vyenyewe vimelala kwenye beseni vikisubiri maji. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Mwishowe kazi aliifanya, tena vizuri. Ila ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko mikono, na hadi wakati huo ulikuwa haujamponza.

Kitu kilichomtuliza kilikuwa kompyuta. Mjomba wake alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye chumba cha kazi nyuma ya nyumba yao, na jioni alimfundisha mpwa wake kuandika programu. Mwaka huo walipata kazi ya maana. Mama mdogo, aliyeishi upande wa pili wa mji, alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga. Ilikuwa kuukuu. Joto ilitoa, lakini mayai haikuyageuza, na mayai yasipogeuzwa kila baada ya saa chache, kifaranga hugandamana na ganda, akafa humo humo. Safari iliyopita mama mdogo aliugua siku mbili, akakosa wa kuyageuza, yakaharibika yote. Alilia kama aliyefiwa.

Basi mjomba akafunga mota kwenye trei za mashine, na kompyuta ndogo ya kuiendesha. Kompyuta hiyo haikuwa na uamuzi wake, ilisubiri amri tu. Kila saa, programu aliyoiandika Tayari, iliyokaa kwenye kompyuta ya mjomba, ilituma amri kupitia intaneti: geuza. Saa hii trei zinalalia upande huu, saa ijayo upande ule.

Mayai yalikuwa mia moja na ishirini. Siku ya saba mama mdogo alifunga mapazia, akamulika yai moja kwa tochi, akamwita binti wa dada yake atazame. Tayari aliona mishipa myembamba myekundu, na katikati yake kitone kinachorukaruka.

"Huo ni moyo, mwanangu," mama mdogo alinong'ona.

Tangu hapo Tayari hakusema tena mayai. Alisema watoto.

Siku ya kumi na moja, ambayo ilikuwa Ijumaa, mama mdogo alikuwa anasafiri jioni kwenda kwenye mafunzo ya ufugaji, arudi Jumamosi jioni. Mchana wake mjomba alimketisha mpwa wake. Alimkumbusha kwamba programu ilituma amri kisha ikaandika "tayari" papo hapo, na hiyo haikutosha. Kompyuta ya kule lazima ijibu kwamba trei zimegeuka kweli. Isipojibu kwa nusu dakika, kengele ilie.

"Umeshaongeza hiyo kengele?" akauliza.

"Tayari, mjomba."

Hakuwa ameongeza. Wenzake walikuwa nje wakimsubiri kuruka kamba, naye alijiambia ataiongeza baadaye. Hiyo baadaye ilimkuta amechoka, akalala.

Jumamosi aliamka hana raha. Aliketi mbele ya kompyuta, akainuka, akaketi tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mistari ilikuwa imejipanga kwenye skrini. Saa moja, tayari. Saa mbili, tayari. Alifagia uwanja bila kuagizwa na mtu, hata mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Akarudi kutazama. Saa tatu, tayari. Basi nini kilimkosesha amani? Alijua mwenyewe. Neno lile lilikuwa lake, na alijua lilivyo jepesi kutamka.

Saa tano kasorobo uvumilivu ukamwishia. Kwa njia ile ile iliyotumiwa na programu, akaandika swali kwenda kule: joto ni kiasi gani? Siku zote jibu lilikuja kabla hajainua vidole. Leo hakuna. Akahesabu hadi thelathini, akauliza tena. Kimya. Na saa tano ilipogonga, mbele ya macho yake, mstari mpya ukajiandika: saa tano, tayari.

Tayari gani? Mawasiliano yalikuwa yamekatika, na programu yake iliendelea kutoa amri, kama mtu anayezungumza kwenye simu iliyokatika bila kuuliza hata mara moja, "Unanisikia?" Yamekatika tangu lini? Hapo ndipo penye balaa. Tayari za kweli na tayari za uongo zilikuwa zimefanana, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha.

Nisidanganye, wazo baya lilimjia. Angeweza kuiweka kengele sasa hivi, aseme mtandao umekatika dakika hiyo hiyo, na nani angejua? Kisha akakumbuka kile kitone kinachorukaruka. Akapiga moyo konde, akamwendea mjomba aliyekuwa chini ya meza akiunganisha nyaya.

"Mjomba, nilikudanganya," alisema. "Kengele sikuiweka. Na kule hakuna anayejibu."

Mjomba aliinuka kwa ghafla, akagonga kichwa kwenye meza, wala hakugomba. Alipiga simu ya mama mdogo, ikawa imezimwa. Akachukua kompyuta yake ya mkononi na ufunguo wa akiba wa nyumba ya mama mdogo, akampakia mpwa wake kwenye baiskeli, wakaondoka. Njia nzima Tayari aliona kana kwamba kila mtu amekubaliana kutembea polepole mbele yao.

Walikuta kisanduku cha intaneti kimezimika. Plagi yake ilikuwa imechomolewa, na pale pale kwenye soketi palikuwa na pasi. Mama mdogo alikuwa amenyoosha nguo za safari, akasahau kuirudisha plagi. Mashine ilikuwa na joto lake, lakini kompyuta ndogo ilionyesha kwamba amri ya mwisho iliyopokelewa ilikuwa ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Kwa zaidi ya saa kumi na nane mayai yalikuwa yamelalia upande mmoja.

Walirudisha plagi, wakageuza trei kwa mikono. Kisha mjomba akafunga mapazia na Tayari akashika tochi. Yai la kwanza, kimya. La pili, kimya. Machozi yakaanza kumtoka. Katika la tatu, kivuli kikajinyonga polepole kama mtu anayejigeuza kitandani.

Aliketi hapo hapo kwenye kompyuta ya mjomba ya mkononi akaandika upya: tuma amri, subiri jibu, jibu lisipokuja, liza kengele. Mjomba akachomoa plagi makusudi. Kengele ikalia. Akachomoa mara ya pili, na ya tatu, kwa kuwa siku hiyo hakuamini neno la mtu.

Mama mdogo aliporudi, Tayari alimweleza yote kabla hajatua mkoba. Mama mdogo akaichukua ile pasi, akaenda kuifungia kabatini.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko muhula mzima. Siku ya ishirini na moja maganda yakaanza kupasuka. Vifaranga tisini na wanne walitoka. Mayai ishirini na sita yalibaki kimya, na Tayari aliyahesabu mara mbili. Mama mdogo akaja kuketi kando yake.

"Plagi niliichomoa mimi, na kusahau ni kwa kila mtu," alisema. "Kengele yako ingeniumbua palepale, tungecheka, tukairudisha. Kazi haiishi kwa kuagizwa wala kwa kutajwa, mwanangu. Inaisha pale unapoiona imefanyika. Kama hujaiona, sema 'bado'. Neno 'bado' halijaua kifaranga hata mmoja."

Jioni hiyo mama aliuliza kutoka jikoni kama vyombo vimeoshwa.

"Bado, mama," sauti ikajibu.

Mama akachungulia mlangoni kuhakikisha ni binti yake aliyejibu. Alimkuta ameinama kwenye beseni, anaosha sahani ya kwanza.