Shemeji Aliyegeuza Taya

"Mwizi ndiye huyu."

Aliyesema hivyo ni mchumba wa dada yangu. Shemeji yangu kabisa, tunayekula naye sahani moja. Alininyooshea kidole mbele ya profesa na walimu wawili.

Jamani... nilihisi damu imepanda hadi masikioni.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni daktari wa meno. Shem ni mtu wa kompyuta. Tulikuwa tunasoma uzamili pamoja, kozi moja inayofundisha kutumia kompyuta katika utafiti wa meno. Kila mmoja alitakiwa kutengeneza programu inayotazama picha ya eksirei na kutaja jino lililooza.

Picha zangu nilizikusanya mwenyewe kliniki. Kila jino bovu nililizungushia alama na kuliandikia jina lake, mathalani la chini kulia, kwa mkono wangu, hadi macho yakawasha.

Shem akawahi kuwasilisha. Mimi nikafuata.

"Picha zenu ni zilezile," alisema profesa, sauti kavu. "Ila za mmoja zimegeuzwa, kama unaziona kwenye kioo. Nani kaiba za mwenzake akazigeuza?"

"Yeye," Shem alijibu. "Mimi ndiye niliyewahi."

"Kuwahi si kumiliki," nikasema.

"Usinitungie mashairi hapa, shemeji."

Walimu wawili wakacheka. Nikakunja ngumi chini ya meza.

Tatizo ni kwamba majina ya wagonjwa tulishayaondoa, kama tulivyofundishwa. Herufi ya pembeni inayoonyesha upande wa kulia nayo ilikuwa imekatwa pamoja na majina, kwenye picha zangu na zake. Hakukuwa na mgonjwa wa kumuuliza.

"Mtu akithibitika kuiba, leo hii anaondoka kwenye kozi," alisema profesa, huku akinitazama mimi.

Mimi! Niliyesoma kila kitabu alichotaja darasani.

"Profesa," nikasema, "kuna mtu humu ana jino bovu?"

Kisha mwalimu mmoja akakohoa. "Profesa mwenyewe. Wiki nzima anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee."

"Nani mbuzi?"

"Samahani, mama."

Chumba cha eksirei kilikuwa mlango wa pili. Profesa akaenda na fundi wa picha, akarudi amenuna. Picha ikawekwa kwenye kompyuta.

"Anza wewe uliyewahi," akamwambia Shem.

Shem akabonyeza, kifua mbele. Programu yake ikaandika: jino limeoza, chini, kushoto.

"Si mnaona?" akasema. "Imelipata mara moja."

Mkono wa profesa ulipanda taratibu, ukatua kwenye shavu... la kulia.

Yangu ikaandika: chini, kulia.

Nikasimama. "Alizigeuza picha zangu zote ili zionekane zake. Ila majina ya meno akayaacha yalivyokuwa. Kompyuta yake imefundishwa kwamba kulia ni kushoto. Na aliipima kwa picha hizohizo alizozigeuza, ndiyo maana kila mara ilijisifu kwamba imepatia."

"Hiyo ni hitilafu ndogo tu," alisema Shem. "Nairekebisha sasa hivi."

"Ndogo?" Profesa alimsogelea. "Hii ilikuwa iende kliniki kwetu. Ungening'oa jino zima, na hili bovu ukaniachia?"

"Mama, mimi..."

"Kazi yake uliipata wapi?"

Shem akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, kijana."

"Nilipewa neno la siri la kompyuta yake."

"Na nani?"

"Dada yake."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokaa chini. Neno lile nilimpa dada peke yake. Nilikuja nimejiandaa kupigana na mtu mmoja tu.

Shem aliondolewa kwenye kozi palepale. Sikushangilia. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nikamkuta dada anapiga pasi.

"Ulimpa?"

"Nilimpa." Hata pasi hakuiweka chini. "Wewe una akili, ungetengeneza nyingine. Yeye alikuwa amekwama."

"Ningefukuzwa mimi, dada."

"Wewe ni mdogo wangu, ungenisamehe tu. Yeye angeniacha."

Akageuza shati, akaendelea na kola.

Mimi, ninayejibu kila mtu kwa vina, nilikosa hata silabi moja.

Nimehama nyumba ile. Shangazi ananiambia nishushe hasira, ati damu ni damu. Sawa. Damu yangu imenifundisha kufunga mlango.

Nawe unayesoma hapa, hasa uliye chuoni, nisikilize. Kazi yako ijue hadi mizizi yake: kwa nini ulichagua hiki, kwa nini ukakataa kile. Mwizi atabeba majibu yako yote kwa dakika moja. Sababu zako hawezi kuzibeba. Siku akiulizwa, utamwona anatazama viatu. Na neno lako la siri usimpe mtu, hata mliyenyonya naye ziwa moja.

Mnajua jana dada kanitumia ujumbe gani? Hakuna salamu, hakuna pole. "Shemeji yako anaomba umweleze vizuri alipokosea, anataka kujaribu chuo kingine."

Nilicheka peke yangu, cheko baya. Kisha vina vikarudi vyenyewe, nikamtumia dada ubeti huu, ampelekee mume wake mtarajiwa:

*Umeichukua kazi, maarifa yamebaki,*
*Jibu tupu ni la wizi, sababu huikumbuki.*