Basi la Kasino la Kila Jumatano

Kila Jumatano jioni, ukumbi wa zimamoto katika mji wetu wa Dornick ulinukia siagi na vitunguu. Kina mama walikuja mapema kuwahi viti vyao. Kila mmoja alikuwa na kiti chake, na ole wako ukikikalia. Walipanga mezani kalamu zao nene za wino na vidoli vyao vya bahati. Kisha Leonard Hudak, mkuu wa kikosi, alisimama mbele akaanza kutaja namba za bingo, ule mchezo wa kununua kadi na kutia alama kila namba inayotajwa, anayewahi kujaza mstari akapata zawadi.

Kikosi chetu ni cha kujitolea. Halipwi mtu. King'ora kikilia, fundi anaacha gari juu ya jeki na mwashi anaacha tofali, wanakimbia. Mafuta ya gari la zimamoto, kofia, viatu na mipira ya maji, vyote vilinunuliwa kwa faida ya bingo. Ndivyo babu zetu wachimba makaa ya mawe walivyoanza. Nasi tulijivunia jambo hilo, pengine kupita kiasi.

Mama yake Leonard, Bi Stella, alikaa siku zote na rafiki yake Anna Petrik. Walijuana tangu kiwanda cha kushona nguo kilipokuwa wazi. Anna akishinda, Stella alinuna. Stella akishinda, Anna alipiga kelele, "Mtaja namba ni mwanawe! Hapa kuna ujanja!" Ukumbi mzima ulicheka.

Halafu wakubwa wa jimbo letu la Pennsylvania wakabadilisha sheria. Kasino zikaruhusiwa. Kampuni moja ikataka kujenga kasino na hoteli kubwa juu ya mlima wetu. Mji ukaitwa mkutanoni, na Leonard akawa wa kwanza kusimama.

"Kiwanda kimefungwa, migodi imefungwa," alisema. "Vijana wanahama. Wageni wakija, watakula kwetu, watanunua kwetu. Tunaogopa nini?"

Tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Sitasema uongo. Vijana kadhaa walipata kazi hotelini. Kodi ya majengo ilipungua kidogo. Lakini wageni hatukuwaona. Walipanda mlimani kwa barabara kuu, wakala huko, wakalala huko, wakateremka kwa barabara ile ile. Mwenye mkahawa wa pembeni mwa kanisa alikuwa ameongeza meza. Baadaye alizikunja akazirudisha stoo.

Kasino ilileta pia basi la bure la kuchukua wazee. Basi lilihitaji mahali pa kugeuzia, na Leonard akatoa uwanja wa ukumbi wa zimamoto. Alidhani anakaribisha neema. Basi lilikuja kila Jumatano mchana.

Mwanzoni walipanda wachache. Kisha viti vya bingo vikaanza kubaki wazi. Jumatano moja Leonard alimkuta mama yake amesimama uwanjani, amevaa koti lake la kanisani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Naenda kutembea tu. Kwani kuna ubaya?"

"Leo ni bingo."

"Bingo, bingo! Huko nikipanda tu basi napewa tiketi ya kuchezea bure. Wewe unanipa nini? Kahawa ya baridi?"

"Na bibi Anna?"

"Anna anaogopa mabasi. Mwache akae na vidoli vyake."

Leonard alilichukulia kama shindano. Aliamua zawadi ya bingo iwe maradufu. Mke wake, Irene, ndiye mtunza fedha wa kikosi, naye alimpinga.

"Lenny, watu hawajai hata meza nne. Zawadi hiyo utailipa kwa hela gani?"

"Wakisikia zawadi kubwa watarudi."

"Hawatarudi. Kule kuna taa, kuna muziki. Hapa kuna wewe na sauti yako ya mafua."

Hawakurudi. Zawadi ililipwa, na kikosi kikakosa fedha za mipira mipya ya maji. Ile ya zamani ilizibwa viraka. Leonard alijua, Irene alijua, na wengine tulijua pia. Tulinyamaza.

Mwezi wa Februari, siku ya Jumatano, jiko la Anna Petrik lilishika moto. Kikosi kilifika haraka. Kilivuta mpira wa kwanza, ukapasuka. Kilivuta wa pili, nao ukavuja kwenye kiraka, maji yakamwagika barabarani na kuganda. Anna alitolewa akiwa hai. Nyumba haikuokoka. Magari ya mji wa pili yalipofika, paa lilikuwa limeshaanguka.

Basi la kasino lilirudi wakati huo huo. Bi Stella alishuka akauona moshi. Alimkuta Anna amekaa kando ya barabara, amefunikwa blanketi. Akapiga magoti mbele yake.

"Shoga yangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini?" Anna alisema. "Wewe hukuwasha jiko."

Wiki ile ile binti yake Anna alikuja akamchukua, akaenda kuishi naye katika jimbo la Ohio. Hapo baraza la mji likaanza kusema kwamba kikosi chetu kifungwe. Tutegemee kikosi cha mji wa pili, upande wa pili wa mlima. Kila aliyeiona nyumba ile ikiungua alijua maana yake.

Jirani wa akina Hudak anaitwa Dolores Wasko. Alikuwa mhasibu wa hoteli kwa miaka mingi katika mji wa kasino ulio ufukweni, akarudi nyumbani alipostaafu. Jumapili moja Irene alimwita jikoni kwake, Leonard na Bi Stella wakiwepo.

"Kasino si imeleta hela?" Irene aliuliza. "Mbona sisi tumekauka?"

"Usitazame taa," Dolores alisema. "Tazama wanaoshuka kwenye mabasi. Mtu akitoka mbali, analeta hela ngeni. Mtu akitoka hapa, hela imehama tu. Ilikuwa inunue mpira wa maji, sasa imeingia kwenye mashine za kamari. Na mwenye mashine haishi hapa."

Bi Stella alikuwa anakanda unga. Mikono yake ikasimama.

"Lakini mimi nimewahi kushinda," alisema.

"Umewahi, mama. Mashine imetengenezwa hivyo. Inakupa leo ili urudi kesho, na kila ukirudi inabaki na sehemu. Ukiendelea kucheza, itakumaliza. Ukishindwa kujizuia, unaweza kuomba jina lako liandikwe, usiruhusiwe kuingia. Si aibu."

"Sasa tufanye nini?" Leonard aliuliza. "Niongeze zawadi tena?"

"Wewe usijaribu kuwashinda kwa kamari! Hiyo ndiyo kazi yao. Sheria ilipowaruhusu, ilisema sehemu ya kodi yao irudi kwa miji ya jirani, kwa mambo kama zimamoto. Lakini hairudi yenyewe. Inaombwa, na baraza la mji lazima likubali mbele ya watu."

Leonard alikunja uso. "Kikosi hiki hakijawahi kuomba serikali hata msumari."

"Ndiyo maana maji yaliganda barabarani," Irene alisema.

Leonard alitoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani atasema barazani?" aliuliza. "Mimi niliyewaletea basi? Watanicheka."

"Nitasema mimi," alisema Bi Stella.

Siku ya mkutano alivaa lile koti la kanisani. Hakuwa na karatasi.

"Hela za mipira ya maji nilikuwa nazipeleka mlimani mimi mwenyewe, kila Jumatano," alisema. "Wengi mliomo humu tulikuwa basi moja, msijifiche. Rafiki yangu hana nyumba. Siombi sadaka. Nataka sehemu yetu irudi."

Baraza lilikubali. Ombi lilipelekwa, na baada ya miezi mingi ya kusubiri fedha zilikuja. Leonard alilinyima basi uwanja, likahamia kwingine. Bingo haikufufuka. Badala yake, kila Ijumaa ukumbi unauza pirogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani. Wakati wa Kwaresima, watu wasipokula nyama, foleni inafika barabarani. Faida inanunua mafuta ya gari. Bi Stella aliandikisha jina lake kule kasino asiruhusiwe tena kuingia, na sasa ndiye mkuu wa jiko.

Mipira mipya ilipofika, ilibidi ijaribiwe. Karibu na bomba palikuwa na mahali pamoja tu pa wazi, kiwanja ilipokuwa nyumba ya Anna. Tulikwenda wote. Leonard alifungua maji. Mpira ulijaa, ukakaza, bila kuvuja hata tone, na maji yakaruka hadi mwisho wa kiwanja, yakalowesha majani yaliyoota palipokuwa jiko.

"Yamefika, Mama," Leonard alisema.

"Nimeyaona," Bi Stella alijibu, machozi yakimtoka. "Mwaka jana yangefika, Anna angekuwa hapa."

Kisha alifuta uso kwa aproni, akarudi ukumbini. Ilikuwa Ijumaa, na unga ulikuwa unamngoja.