Feni Isiyonyamaza

Nyumbani kwa Fundi Saa kulikuwa na saa za ukutani na za mezani kumi na tisa. Hakuna hata moja iliyochelewa. Mchelewaji alikuwa yeye mwenyewe.

Tangu mkewe apate kiharusi, mzee huyu aliishi peke yake. Mkewe alikuwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo kwa wagonjwa, upande wa pili wa mji. Wageni waliruhusiwa kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, basi. Kila asubuhi Fundi Saa alimimina chai vikombe viwili, kwa mazoea. Alikunywa chake. Cha pili alikitazama mpaka kikapoa. Kisha alizitia saa zake ufunguo, moja moja, akizisabahi. Zilimjibu tik, tak. Mazungumzo ya nyumba nzima yaliishia hapo.

Gari lake nalo lilikuwa limeanza visa. Kwa majuma mawili feni ya injini ilinguruma bila kupumzika. "Injini inachemka," Fundi Saa alijijibu. Hakuuliza mtu. Mtu aliyetengeneza saa miaka arobaini, aanze kuulizia feni?

Akajitungia utaratibu. Kila akienda dakika kumi, aliegesha, akazima gari, akatazama saa ya mkononi. Alilipumzisha dakika kumi kamili, bila kupunja hata sekunde. Lakini akiliwasha tena, lilikohoa. Lilinuka petroli, likatoa moshi mweusi, likagoma. Siku nyingine alifika kituoni zimebaki dakika tano. Jana alifika saa kumi na moja na dakika mbili.

"Muda umekwisha, mzee," bawabu alisema.

"Dakika mbili tu, ndugu yangu!"

"Na wewe si ndiye fundi wa saa?"

Fundi Saa aliinua macho. Ghorofani, dirishani, mkewe alikuwa amekaa akitazama geti. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima. Akauacha hewani kidogo. Akaushusha.

Asubuhi hii Fundi Saa aliwasha gari mapema, alijaribu kabla ya safari ya jioni. Feni ikaanza kunguruma papo hapo. Jirani yake alikuwa anatoka na boksi la vifaa. Ni binti fundi wa umeme wa magari, na mtaa mzima humwita Nyaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nyaya."

"Umetoka wapi na gari asubuhi yote hii?"

"Sijatoka popote. Nimewasha sasa hivi."

Nyaya akainamisha kichwa, akasikiliza. "Sasa hiyo feni inapuliza nini? Injini si imelala usiku kucha? Zima, uiguse."

Fundi Saa akazima, akagusa. Ilikuwa ya baridi kabisa.

"Kumbe feni ndiyo mbovu!" alisema. "Nitachomoa waya wake."

"Mzee! Mgonjwa akipiga kelele, wewe unamziba mdomo?"

Nyaya akafungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Akachomeka mashine ndogo ya kusoma makosa ya gari, chini ya usukani. "Haya, soma joto la injini hapo."

"Digrii arobaini... chini ya sifuri?"

"Tungekuwa barafu sasa hivi, mimi na wewe!" Nyaya akacheka. "Sikiliza. Kuna kidude kinaitwa sensa ya joto. Kinakaa ndani ya maji ya rejeta, yale yanayopoza injini. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kama injini ni ya moto au ya baridi. Nadhani chako kimekufa. Kompyuta haijui joto, inaogopa injini isije ikaungua, kwa hiyo inawasha feni muda wote. Petroli nayo inamwaga nyingi, kana kwamba injini ni ya baridi. Ndiyo harufu hiyo, ndiyo moshi mweusi."

"Na kugoma njiani?"

"Injini ya moto inamwagiwa petroli ya injini ya baridi, inasongwa. Kila ulipozima ili ulipumzishe, ulilitengenezea nafasi ya kugoma."

Fundi Saa akaitazama saa ya mkononi. Alizikumbuka dakika kumi zake, zote. Zilikuwa dakika za mkewe.

"Basi tununue sensa mpya sasa hivi," alisema.

"Taratibu. Saa ikisimama, wewe unatupa mashine kabla hujaifungua?"

"Hata! Nachunguza kwanza."

"Na mimi napima kwanza. Huenda ni waya tu."

Nyaya alitazama maji ya rejeta, yalikuwa yametimia. "Kifuniko hiki nafungua kwa sababu injini ni ya baridi," alisema. "Ikiwa ya moto usikiguse. Maji yatakurukia usoni." Akachomoa plagi ya sensa. Haikuwa na kutu. Akaipima kwa mita ya umeme: volti tano, kama inavyotakiwa. Waya ulikuwa mzima. Akaifungua sensa yenyewe, wakaingia nayo jikoni.

"Nipe chombo cha maji, mzee."

Fundi Saa akakitazama kile kikombe cha pili, chai imepoa ndani yake. Akakinyanyua taratibu.

Nyaya alikiona. Akaelewa. "Hapana, mzee. Sensa imelowa maji ya rejeta, nayo yana sumu. Nipe kopo la kutupa. Hicho kimsubiri mwenyewe."

Wakaweka ncha ya sensa kwenye maji baridi. Mita haikuonyesha namba. Wakaongeza maji yaliyochemka. Kimya vilevile.

"Sensa iliyo nzima, kwenye baridi inauzuia umeme sana. Ikipata moto inauachia, na namba inashuka," Nyaya alieleza. "Hii haisemi neno."

Akaenda dukani na sensa ile mkononi, akarudi na mpya ya aina ileile. Kwenye maji baridi mita ilisoma elfu mbili na mia tano. Kwenye maji ya moto ikashuka mpaka mia tatu. Fundi Saa akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Lugha ya vidude vinavyosema kweli aliifahamu.

Wakaifunga, wakajazia maji, wakatoa hewa, wakawasha. Feni ilikaa kimya. Joto likapanda, thelathini, sitini, tisini na kitu. Feni ikapuliza kidogo, ikanyamaza.

"Sasa inapuliza kwa sababu," Nyaya alisema. "Lakini siku sindano ya joto ikiingia kwenye nyekundu, au ukiona mvuke, hapo simama kweli. Na uulize mtu."

"Nimuulize nani, mwanangu?"

"Tunachangia ukuta, mzee. Saa zako zote nazisikia zikigonga. Wewe tu ndiye sijawahi kukusikia ukigonga mlango wangu."

Jioni ile Fundi Saa alifika getini saa kumi kasoro dakika ishirini. Bawabu aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Ghorofani mkewe alimwona anaingia. Akamwangalia. Akaiangalia saa ya ukutani. Maneno yake bado yalitoka moja moja, kwa taabu.

"Ile saa..." alisema, "ni... mbovu?"

"Ni nzima," Fundi Saa alijibu, akamshika mkono wa kushoto. "Leo fundi ndiye aliyetengenezwa."

Walikaa saa nzima. Kengele ilipolia alishuka peke yake, kama kila siku. Gari lilikuwa bado na joto. Alizungusha ufunguo, likawaka mara moja, na feni haikusema kitu.

Nyumbani aliosha vikombe viwili. Kisha akaenda kugonga mlango wa jirani.